Eti steringi hafi? Nani kakudanganya!

Mtanisamehe kwa ukimya wa wiki mbili. Sikusafiri, wala sikuishiwa ya kusema. Mkono wangu wa kulia umefungwa hogo kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, na haya mnayosoma nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kama karani wa enzi za mkoloni. Kwa hiyo mkiona nimekasirika, jueni ni hasira iliyochukua siku tatu kuandikwa. Si ya kukurupuka.

Kilichoniudhi zaidi si vibaka walionivunja mkono. Ni wenzangu pale chumba cha habari. Niliporudi kazini, wa kwanza kuniona alicheka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wasanifu kurasa: "Yaani wewe na karate yako yote ya chuo, umekimbia?" Wakacheka wote. Mmoja akaongeza kwamba angekuwa yeye, pale wangelala wawili. Huyo anayesema hivyo hupanda lifti kwenda ghorofa ya pili.

Nimekaa nikatafakari nikaona hapana, hili si la kucheka likaisha. Wazo hili la kwamba mwanaume anayevamiwa na watu wanne lazima asimame apigane ni wazo linaloua. Linaua vijana wenzetu, linaua na vibaka pia. Nitaeleza linavyoua, mwanzo hadi mwisho.

Tuanzie lilikotoka. Wengi wetu wa rika langu tumelelewa na vibanda vya video. Unalipa shilingi mia, unakaa kwenye benchi, na sauti ya Lufufu inakutafsiria Kichina kwa Kiswahili kilichotiwa chumvi. Bruce Lee katika Fist of Fury, filamu ya mwaka 1972, anaingia peke yake kwenye ukumbi wa Wajapani na kuwalaza wote. Tulipokua tukamwona Donnie Yen katika Ip Man ya mwaka 2008 akiomba apewe wapinzani kumi kwa mpigo, na akawamaliza kumi. Tukatoka pale tukirushiana mateke, tukiimba ule msemo wetu: steringi hafi.

Rudi kaiangalie filamu yoyote ya namna hiyo, lakini safari hii usimwangalie steringi. Waangalie maadui. Wako kumi, lakini anayepigana ni mmoja. Wale tisa wanafanya nini? Wanarukaruka pembeni, wanazungusha mikono, wanasubiri zamu kama wagonjwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Ni kazi yao, wamelipwa wasubiri. Kuna mtu amekaa wiki kadhaa akiwapanga nani aanguke lini na aangukie wapi. Ule ni mchezo wa ngoma, na ni mzuri sana. Ila vibaka wa Dar es Salaam hawakufanya mazoezi na mwelekezi, na hakuna aliyewaambia wasubiri zamu.

Sasa nisimulie yangu.

Jumatano ile nilitoka kazini saa nne usiku kwa sababu habari ya ukurasa wa kwanza ilichelewa. Nikashuka kwenye daladala Sinza nielekee nyumbani, upande wa Tandale. Bodaboda akaniambia buku mbili. Nikapiga hesabu nikaona nikikatiza uchochoroni nitaokoa hela ya chai ya kesho. Hesabu hizi ndizo zinazotumaliza.

Nilipofika katikati ya uchochoro akatokea kijana mmoja mbele yangu. "Kaka, saa ngapi saa hizi?" Nikasikia kandambili nyuma. Nikageuka: wawili. Wa nne alikuwa ameegemea ukuta, sikuwa nimemwona kabisa. Umri wao nadhani ni miaka kumi na sita hadi ishirini. Mmoja alikuwa na bisibisi.

Mimi nimefanya karate miaka miwili chuoni. Nina mkanda wa kijani, nimeuweka kwenye begi la nguo kama cheti cha ubatizo. Nikasimama mkao tuliofundishwa, mguu wa kushoto mbele, ngumi juu. Nikampiga yule wa mbele ngumi moja ya uso. Ilifika vizuri. Nikasikia kitu kimekatika, nikasema moyoni pua hiyo imekwenda. Kwa muda wa kama sekunde mbili nilikuwa steringi.

Kumbe kilichokatika ni mkono wangu. Daktari alinionyesha baadaye kwenye picha: mfupa wa kiganja, ule ulio nyuma ya kidole kidogo. Alisema ni jeraha la kawaida kabisa kwa watu wanaopiga vichwa vya wenzao kwa ngumi tupu. Kichwa ni mfupa mgumu, na kiganja ni vijifupa vyembamba. Mabondia hufungwa bandeji na kuvaa glovu kwa sababu hiyo, na si urembo.

Kabla sijarudisha mkono nikapigwa roba kutoka nyuma. Mwingine akanipiga ngwala. Nikawa chini. Jamani, nataka mnisikilize hapa: ukiwa chini na watu wanne wamekuzunguka, hakuna karate, hakuna judo, hakuna mkanda. Kuna viatu tu. Unakinga kichwa, mbavu zinaachwa wazi. Unakinga mbavu, kichwa kinabaki wazi. Nilihesabu teke la tatu nikaacha kuhesabu.

Kilichoniokoa ni begi. Mikanda yake ilikuwa imenibana mabegani na wao walikuwa wanaivuta. Nikajichomoa mikono nikawaachia. Wawili wakageukia begi, na pale palipokuwa na watu wanne sasa pakawa na wawili, mmoja wao ameshika pua. Nikanyanyuka nikakimbia. Nilikimbia na kiatu kimoja, nikipiga mayowe kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka kwenye taa za kibanda cha chipsi barabarani.

Huko ndiko kukimbia ninakochekwa.

Wewe unayecheka, hebu tufanye hesabu. Pambano la ngumi la kulipwa ni raundi za dakika tatu, na kila baada ya raundi watu wanapumzika dakika moja. Wanaopigana wamefanya mazoezi kwa miezi, wana uzito unaolingana, wanapigana mmoja kwa mmoja, na kuna mwamuzi wa kusema basi. Pamoja na hayo yote, dakika ya tatu unawaona wanahema na kukumbatiana ili wapumue. Wewe ambaye zoezi lako kubwa ni kufukuzia mwendokasi Kimara, unataka upigane na wanne, gizani, bila mapumziko, na mmoja ana bisibisi?

Si suala la nguvu. Macho yako yako mbele ya kichwa. Ukimtazama mmoja, mwingine anapita nyuma. Mikono yako ni miwili, yao ni minane. Ukimshika mmoja umejishika mwenyewe, kwa sababu umesimama pale pale na wenzake wanakufikia. Tena hofu inafanya macho yaone kama kupitia bomba: unamwona yule wa mbele tu. Ndiyo maana yule wa ukutani sikumwona.

Wazee wa kazi hii wanalijua hilo. Miyamoto Musashi, yule Mjapani wa panga mbili, aliacha kitabu alichokikamilisha mwaka 1645, na humo kuna sehemu ya kupambana na maadui wengi. Ukikisoma hukuti habari za kusimama katikati na kuwasubiri. Shauri lake ni kwenda, kuwasukuma upande mmoja hadi wabanane na kuzuiana wenyewe kwa wenyewe. Huyo ni mtu aliyeishi kwa upanga maisha yake yote, na hata yeye hakubali kuzungukwa. Sasa mwalimu wa mazoezi ya wikiendi anayekufundisha kwa saa mbili jinsi ya "kuwamaliza watatu" amejifunzia wapi? Waulize hao walimu swali moja tu: wanafunzi wako wamewahi kufanya zoezi la kukimbia? Wengi watakuona umewatukana.

Basi acheni niseme mimi mwenye hogo, kwa kuwa nimelipia somo hili. Kwanza, usifike pale. Buku mbili ya bodaboda ni rahisi kuliko picha ya mfupa. Pili, wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Wahenga hawakuwa wanazungumzia vibaka lakini msemo unakaa sawasawa. Simu tupa upande huu, wewe kimbilia upande ule, kwenye taa na watu. Tatu, piga kelele mapema, kabla hujaguswa. Nne, ikiwa umezibiwa njia zote, au una mtoto mkononi, au mguu wako mbovu, basi hapo pigana, lakini pigana upate mlango. Chagua upande mmoja, aliye mwepesi kupitika, msukume upite. Ukuta unalinda mgongo lakini unakufungia njia, kwa hiyo usiugande. Ukianguka, kazi yako ya kwanza ni kusimama, si kulipiza. Na ukishatoka, umetoka. Usirudi.

Usirudi. Nina rafiki niliyesoma naye sekondari ambaye leo angekuwa mhandisi. Vijana walimkaba, wakamnyang'anya simu, wakamwachia. Alikuwa ameshatoka, yuko kwenye taa, yuko hai. Mwenzake akamwambia, "Utawaachia hivi hivi?" Akarudi. Tulichangishana kwa ajili ya jeneza. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaisema methali hii tangu tuko darasa la nne, tunaijibu kwenye mtihani, tunapata vema, halafu tunakua tunaishi kinyume chake.

Watu husema, lakini tukikimbia wote, si tutawaachia mji? Nawaelewa wanaouliza hivyo. Dar es Salaam hatujasahau Januari 2015, Panya Road walipoitia hofu kubwa mitaa mingi usiku mmoja, watu wakifunga maduka na kukimbia hovyo. Hatujasahau pia Septemba 2022 walipovamia nyumba na kujeruhi na kuua. Silaha kubwa ya vijana wale haikuwa panga, ilikuwa idadi. Lakini idadi haishindwi na steringi mmoja. Inashindwa na taa za barabarani, na polisi jamii, na majirani wanaotoka ndani mtu akipiga yowe, na shule na kazi kwa vijana wa miaka kumi na sita. Hayo ni mambo ya wengi. Mmoja kazi yake ni kufika nyumbani.

Hadi hapa mtadhani nimemaliza. Bado. Usiku ule haukuishia kwenye chipsi.

Nilipofika kwenye taa nikipiga mayowe "Wezi! Wezi!", watu walitoka. Nashukuru walitoka. Watatu miongoni mwa wale vijana wakapotea na uchochoro. Wa nne, yule niliyempiga puani, alikuwa hawezi kuona vizuri, akakimbilia upande usiofaa. Wakamkamata. Ndani ya dakika moja walikuwa watu ishirini, na dakika ya pili sikuweza kuwahesabu. Wakampiga kwa ngumi, kwa mateke, kwa ubao wa benchi. Akaanguka. Akafanya kile kile nilichofanya mimi dakika tano kabla: akakinga kichwa, mbavu zikabaki wazi. Akakinga mbavu, kichwa kikabaki wazi.

Nikasikia mtu anaulizia tairi.

Na mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika mkono wangu, sisemi kitu. Nisiwadanganye. Kuna sehemu yangu ilikuwa inafurahi. Kila aliyekuwa anapiga pale alikuwa na uso ninaoufahamu, ule uso wa benchi la kibanda cha video. Wote walikuwa steringi. Ujasiri wote ambao mtu mmoja hana mbele ya wanne, wamekuja kuutolea mbele ya mtoto mmoja aliyelala chini.

Aliyevunja jambo lile ni mzee muuza kahawa. Hakupiga kelele. Alipenya na dele lake, makaa yanawaka chini yake, akaliweka chini karibu na kichwa cha yule kijana, naye akakaa. Watu wakarudi nyuma kidogo kwa sababu hakuna anayetaka kumwagiwa kahawa ya moto miguuni. Akasema, "Kamwiteni mjumbe." Mtu akamwambia, "Mzee toka, huyu mwizi." Mzee hakumjibu. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mali. Umeridhika au bado?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Inatosha." Nilisema kwa sauti ndogo ambayo sidhani ilivuka hatua tatu, lakini mzee aliirudia kwa sauti kubwa: "Mwenye mali anasema inatosha!" Mjumbe akaja, kijana akapelekwa kituoni akiwa hai. Nikaandika maelezo. Begi langu lilipatikana uchochoroni, simu haikupatikana. Sijui mzee yule asingekuja ningesema nini, au kama ningesema. Swali hilo linaniuma kuliko mkono.

Nikiwa na hogo nimepata muda wa kusoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu. Kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata vinatupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Haki hiyo ni kubwa. Mtu anaweza hata kusababisha kifo asiwe na hatia, kama kweli aliamini kwa sababu za msingi kwamba bila kufanya vile maisha yake yangepotea. Lakini sheria hiyo hiyo inasema nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika kwa kujitetea, na anayeua kwa kuzidisha ana hatia ya kuua bila kukusudia. Maana yake ni nyepesi hata kwa aliyekimbia umande. Ngumi yangu ya uchochoroni ilikuwa kujitetea. Kama ningeongeza teke moja pale chini ya taa, lingekuwa kosa. Hatari ilikuwa imekwisha. Hatari ikiisha, kujitetea kumeisha, na kinachobaki kina jina jingine.

Sisi waandishi tunakipa jina gani? "Wananchi wenye hasira kali." Mnalijua. "Kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali." Mimi mwenyewe nimeiandika sentensi hiyo zaidi ya mara moja, mistari minne chini ya ukurasa, bila jina la marehemu, bila kuuliza kama kweli aliiba. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika ripoti zake za miaka ya 2010, kilikuwa kikihesabu mamia ya watu wanaouawa hivyo kwa mwaka. Mamia! Na sisi tuna maneno manne tuliyokwisha kuyapanga tayari, yanayowafanya wauaji wawe wananchi na uuaji uwe hasira. Kama mtu mmoja akiua tunamwita mtuhumiwa wa mauaji. Wakiwa hamsini tunawaonea huruma kwa hasira zao.

Mimi nimeacha kuitumia kuanzia juzi. Niliandika habari ya namna hiyo kutoka wilaya moja, nikaandika "kundi la watu lilimpiga hadi kufa". Mhariri akabadilisha, akarudisha hasira kali. Nikaenda mezani kwake na hogo langu tukabishana nusu saa. Safari hii alinisikia. Ijayo sijui, lakini nitakwenda tena.

Kwa hiyo wenzangu wa chumba cha habari, chekeni. Nimekimbia, na kesho wakinijia wanne nitakimbia tena, kwa kasi zaidi, na viatu nitavaa vya kamba. Ila siku mkisikia yowe mkatoka nje, mkakuta watu wengi wamemzunguka mmoja aliyelala chini, hapo ndipo msikimbie. Mkono wa kupiga hapo hauhitajiki. Inahitajika sauti moja ya kusema inatosha, na isiwe ndogo kama yangu.

Mzee wa kahawa nilimrudia Jumapili. Nikamkuta pale pale, nikanywa vikombe viwili, nikataka kumpa elfu kumi. Alikataa, akachukua mia nne ya kahawa.